Jinsi mtoto wa kaka yangu alivyoelewa "kubeba moja"

Mtoto wa kaka yangu yuko darasa la tatu hapa Busia, upande wa Uganda. Ukimpa 47 jumlisha 38, alikuwa anakuandikia 715. Kujumlisha alijua: 7 na 8 ni 15, 4 na 3 ni 7, akaviandika vyote sambamba. Alikuwa ameshaambiwa "andika tano, beba moja", lakini mara nyingine alibeba tano na kuandika moja. Kwa nini asichanganye, kama hajui hiyo moja ni moja ya nini?

Mimi nauza nyanya na vitunguu sokoni, chenji haikosi. Jioni nikachora safu tatu kwenye kipande cha boksi: elfu kumi, elfu, mia. Sarafu za 200 na 500 nikaziweka kando, pamoja na noti za 2,000 na 5,000, maana hizo zingemvuruga. Nilitaka za 100, za 1,000 na za 10,000 tu, ili kumi za safu moja ziwe moja ya safu inayofuata. Sharti likawa hili: zikifika kumi, zinahama.

Tukajumlisha 2,700 na 1,600. Sarafu zikawa 13.

"Shangazi, zimezidi."

"Nipe kumi."

Nikampa noti ya elfu, akaiweka mwenyewe kwenye safu yake, na papo hapo nikamwambia aandike 1 juu ya safu hiyo daftarini. Noti nne, sarafu tatu: 4,300. Baadaye 47 na 38 akaifanya bila pesa, akapata 85.

Kutoa ndiko kulikotuchelewesha, hasa penye sifuri. Nilimpa 20,300 atoe 1,800. Sarafu tatu hazitoshi kutoa nane, na safu ya elfu ni tupu. Akakwama, nami sikumharakisha. Mwishowe akachukua noti ya elfu kumi, akadai noti kumi za elfu moja moja badala yake. Moja kati ya hizo akaichenji kwa sarafu kumi. Elfu zikabaki tisa, na hapo ndipo ile 9 inayotokea juu ya sifuri ilipopata maana kwake. Sarafu 13 toa 8, noti 9 toa 1: 18,500.

Nikamwambia ahakikishe kwa kurudisha 1,800. Safari hii elfu zilifika kumi kamili. Akazihamisha zote bila kuniuliza, akaandika sifuri: 20,300.