Matembezi ya Alfajiri ni ya Mbwa

Kabla jogoo wa jirani hajawika mara ya pili, Simba huwa ameshasimama mlangoni, naye Doa, ambaye hajatimiza miaka miwili, huwa anazunguka uani akiwa ameing'ata kamba yake mdomoni kama mtoto aliyekwishavaa viatu vya safari. Ninaishi na mbwa hawa wawili kijijini, na kila siku, isipokuwa mvua ikiwa kubwa, tunatoka kabla jua halijachomoza, tunafuata njia inayopita nyuma ya mashamba kuelekea kwenye kijito, kisha tunarudi kwa njia ile ile. Mtu mwenye haraka angeimaliza safari hiyo kwa dakika 20. Sisi hutumia karibu saa nzima, na sioni kwamba muda huo unapotea.

Zamani nilikuwa mtu wa kuvuta kamba. Niliamini kwamba mbwa hutolewa nje ili anyooshe miguu, kwa hiyo kila Simba aliposimama kunusa jambo fulani nilimhimiza tuendelee, na tukirudi nyumbani nilijiona nimetimiza wajibu wangu. Asubuhi moja ya umande mwingi alikataa katakata kuondoka penye bua moja la nyasi. Nilichoka kuvuta, nikachuchumaa kando yake, na kwa mara ya kwanza nikaitazama pua yake ikiwa kazini. Ilikuwa nyeusi, imelowa, nayo ilicheza bila kutulia. Ilianzia chini kabisa kwenye shina, ikapanda polepole hadi ncha bila kuangusha hata tone moja la umande, ikashuka, ikarudia tena upande wa pili. Pembeni mwa kila tundu la pua niliona mpasuko mdogo uliopinda kama alama ya mkato.

Baadaye nilisoma kuhusu mpasuko huo. Mbwa anaponusa, pumzi anayoitoa hupitia hapo na kwenda pembeni, hivyo haiifukuzi harufu iliyo mbele yake, naye huweza kunusa mara nyingi mfululizo kwa muda mfupi. Pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kuwa milioni 5 au 6, ilhali ya mbwa inaweza kuwa navyo hadi milioni 300. Zaidi ya hayo, anacho kiungo kingine, juu ya paa la kinywa, kinachopokea ishara za kikemikali zinazoachwa na wanyama wenzake. Kwa hiyo lile bua lilikuwa linampa Simba habari ambazo mimi nisingezipata hata ningekaa pale mchana kutwa: kwamba kuna mwingine aliyepita usiku, kama ni dume au jike, na kama jike huyo yuko tayari kupandwa. Kumwondoa pale kwa nguvu kulikuwa sawa na kumvuta mkono mtu ambaye hajamaliza kusalimiana na wenzake. Naona haya ninapokumbuka nilivyomfanyia hivyo kwa miaka mingi.

Siku hizi kamba ni ndefu, na anayeamua tusimame wapi ni wao. Jambo moja tu silegezi, nalo ni kwamba kamba yenyewe haifunguliwi mpaka tuvuke mashamba na njia iwe tupu. Nilijifunza hilo kwa aibu, siku Doa aliponiponyoka na kuwatimua mbuzi wa mzee mmoja jirani yetu hadi wakatawanyika vichakani, wakati mwenyewe ndiyo kwanza anawafungulia. Hakuna aliyeumia, lakini tulitumia nusu ya asubuhi kuwakusanya. Yule mzee hakunifokea. Aliniambia tu, «Mwanangu, mbwa ni wako, lakini njia ni yetu sote.» Tangu siku hiyo, tunapokutana na mtoto anayewaogopa, huwavuta mbwa karibu, nikakaa kati yao na mtoto, nikamwacha apite kwanza.

Woga wa watu kijijini una msingi, na mfugaji anayeudharau anakosea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Chanjo ya mbwa huuzuia. Mbwa wangu huchanjwa kila tarehe yao inapofika, na majirani wanalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe nimewaambia, pamoja na kuwaeleza watoto wao kwamba anayeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

Tunatoka mapema kwa sababu mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kutweta, na jua likishapanda Doa huchoka upesi kwa jinsi anavyokimbia huku na huko. Simba naye sasa ana miaka 12. Viungo vyake vya nyuma hukakamaa asubuhi zenye baridi, huinuka kwa awamu mbili, na hatua zake za kwanza uani ni fupi, za kujaribu. Humsubiri alegee kabla sijafungua lango. Tangu mwezi uliopita hatufiki tena kwenye kijito. Tunageukia kwenye mti mkubwa ulio kabla ya mteremko, kwa kuwa kuupanda mteremko ule wakati wa kurudi kulikuwa kunamtesa, ingawa yeye angeendelea bila kulalamika.

Leo alisimama chini ya mti huo kwa muda mrefu kuliko kawaida, akinusa mzizi mmoja uliojitokeza juu ya udongo. Doa, aliyekuwa amekwishatangulia mpaka mwisho wa kamba, aligeuka, akarudi, akaitia pua yake kando ya pua ya Simba kwenye mzizi ule ule. Nilikaa chini nikawasubiri.