Nilivyochagua na kufunga springi za nyuma za Hilux iliyonyanyuliwa

Hilux yangu ni Vigo ya dabo kabini, dizeli, inayovuta magurudumu yote manne. Kazi yake ni kupeleka maji, vyakula na mahema kutoka Arusha hadi kambi moja upande wa Ziwa Natron. Lami unaiacha Mto wa Mbu, kisha unapita Engaruka kwa vumbi, mawe na makorongo ya mchanga ambayo kila masika huhamisha njia. Mbele nilikuwa nimeshainyanyua sentimita tano. Zaidi ya hapo, kwa gari ambalo kila gurudumu la mbele linacheza peke yake, sivijointi, yaani viungio vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, hupinda mno na kuchana mipira yake. Shida ilibaki nyuma: springi za kiwandani zilikuwa zimechoka, majani yake, yaani vyuma bapa vinavyolaliana kuunda springi, yamenyooka, na nikipakia gari linachuchumaa, taa zinamulika matawi ya migunga badala ya barabara.

Unga Limited, hapa Arusha mjini, kila fundi niliyemuuliza alikuwa na jibu lilelile. "Bosi, tunakuongezea majani mawili mazito, hili halilali tena." Ni kweli halilali. Ila pia halipindi. Ugumu wa jani hauendi sambamba na unene wake, unapanda kwa kipeo cha tatu. Jani la milimita 8 si gumu kidogo tu kuliko la milimita 7. Ni gumu kwa karibu nusu zaidi. Ukiweka mawili ya hivyo, gari likiwa tupu nyuma inarukaruka kila jiwe, tairi zinaachia ardhi, na kwenye mchanga tairi isiyokanyaga ni tairi isiyovuta. Nimewahi kukaa abiria kwenye pikapu ya namna hiyo kutoka Longido, na mgongo wangu haujasahau.

Wengine walitaka kuzikunja upya zile za zamani kwa moto. Hilo nilikataa bila kujadili. Chuma cha springi ndicho mhunzi anachofulia sime, na mhunzi yeyote anajua kwamba ukishakipasha hadi kikawa chekundu, lazima ukizamishe kipoe ghafla, kisha ukirudishie moto mdogo kwa kiasi chake. Kikiachwa kipoe chenyewe juu ya mchanga wa gereji kinabaki laini, na baada ya muda springi inarudi kulala, au jani linakatika. Vipande vya chuma vya kuinulia kati ya springi na ekseli nilivipita haraka, maana vinanyanyua gari bila kuongeza nguvu yoyote ya kubeba, na ukikanyaga mafuta kwenye mlima ekseli inapata nafasi kubwa zaidi ya kujiviringisha.

Kwa hiyo nikaamua kununua seti mpya. Hapo ndipo swali lenyewe lilipo: ya uzito gani? Watengenezaji wa springi za safari, kama Old Man Emu wa Australia, huuza springi za gari lilelile kwa madaraja tofauti ya mzigo. Wanachouliza ni mzigo wa kudumu, ule usioshuka hata ukiwa umeegesha nyumbani. Watu wengi hapa hutaja mzigo wa siku ile nzito kuliko zote, na wanaishia na gari gumu kama benchi la kanisani.

Nilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mizani ya magari, nikaomba kupima magurudumu ya nyuma peke yake. Kwanza gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, bodi tupu. Kisha nikarudisha kanopi, bampa ya chuma, tenki la pili la mafuta na sanduku la spana, nikapima tena. Tofauti ilikuwa karibu kilo 280. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 za maji tupu, na mara nyingi napeleka mawili, lakini narudi bila hayo. Nikachagua springi ya kilo 300 za kudumu, yenye jani nene na bapa chini kabisa. Jani hilo halifanyi kazi mpaka mzigo uwe mkubwa. Maji yakiwemo linapokea, yakishushwa linaachia. Nilinunua pia bushi mpya, yaani mipira inayokaa kwenye macho ya springi, shokapu ndefu zinazolingana na kimo kipya, na yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Yubolti ikishakazwa imeshavutika, usiirudishe.

Kabla ya kufungua chochote nilipima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Ukipimia ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.

Tulifunga mimi na fundi mmoja kijana, mkono wake mtulivu. Stendi zilikaa chini ya chasisi, jeki ya magurudumu chini ya difu, ili ekseli ishuke na kupanda tunavyotaka. Upande mmoja kwanza. Ukifungua zote mbili ekseli inatangatanga na utaikimbiza mchana kutwa. Jicho la mbele, yaani tundu la ncha ya springi, lilipata bolti yake, la nyuma likaingia kwenye shakeli, kile kiungio kinachobembea kati ya springi na chasisi, kisha tukapandisha ekseli polepole mpaka kichwa cha sentabolti, bolti inayoshika majani pamoja katikati, kikazama kwenye tundu lake. Fundi alipapasa kwa kidole kuhakikisha, kwa sababu kichwa kikikaa pembeni hata kidogo, ekseli inakuwa ya upande na gari linatembea kiupande kama kaa wa pwani. Nati za yubolti tulizikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, zote nne zikipanda sawa.

Bolti za macho na za shakeli tuliziacha zimelegea. Fundi alitaka kumaliza kabisa gari likiwa juu, nikamwambia, "Mdogo wangu, subiri likanyage chini." Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi unashikwa katika mkao huo, na gari likishuka unabaki umesokotwa maisha yake yote. Utachanika mapema. Tuliliteremsha, tukalitikisa, tukaendesha kuzunguka mtaa, ndipo tukakaza. Shakeli ilikuwa imelalia nyuma upande wake wa chini, inavyotakiwa, kwa sababu springi ikinyooka inarefuka na inahitaji pa kwenda. Ingesimama wima au kuelekea mbele, tungerudi kuanza upya.

Mtetemo ulijitokeza wakati wa kuondoka, chini ya kilomita 40 kwa saa. Propela ya gari hili, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, ina vipande viwili na senta beringi katikati, na kimo kipya kilibadilisha pembe yake. Washa mbili nene, tulizoziweka kati ya mabano ya ile beringi na chasisi ili ishuke kidogo, zilimaliza mtetemo.

Kilichobaki ni kile ambacho wengi hawakiangalii kabisa: vali ya breki. Gari langu lina vali kwenye chasisi yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Mzigo ukiishusha bodi, fimbo inaiambia vali ipeleke nguvu zaidi breki za nyuma. Ukinyanyua gari, vali inadhani bodi ni tupu wakati wote, na breki za mbele zinabeba kazi kupita kiasi. Tulitengeneza bano la kupandisha kiungio cha fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ambacho bodi ilipanda, tukahakikisha na mpira wa breki haukazi ekseli ikining'inia. Kisha nikapakia mapipa mawili, nikatafuta barabara isiyo na watu nje ya mji, nikakanyaga breki kwa nguvu. Gari lilisimama limenyooka, pua haikuchimba.

Nilipotoka Natron mara ya kwanza nilizikaza yubolti tena, na zote zilikubali kidogo. Kimo cha nyuma, mapipa yakiwa yamejaa, kilikuwa kimeshuka chini ya kile cha mbele kwa upana wa vidole viwili tu.