Visual C++ sita, na pacha zao

Ijumaa jioni, baada ya kufunga steshenari, niliamua kuifagia kompyuta ya kaunta. Diski ni ya GB 128 na ilikuwa imebakiza GB 3. Kwenye orodha ya programu nikakutana na ukoo mzima: Microsoft Visual C++ 2005, 2008, 2010, 2012, 2013, kisha ile ya 2015 hadi 2022, karibu kila moja na pacha wake, x86 (ya programu za bit 32) na x64 (ya programu za bit 64). Nikasema hawa wanakula bure. Nikaanza na 2010 x86, maana Windows yangu ni ya bit 64. Nilijiona mjanja.

Jumamosi asubuhi akaja mama anayenipa kazi ya nembo za sare. Nafungua programu ya kuchorea nembo, naambiwa faili ya msvcr100.dll haipo. “Mwanangu, nizunguke sokoni kwanza?” Zunguka, mama.

Kumbe mwandishi wa programu habebi kila kitu ndani yake. Mengine, kama faili hizi za dll zinazoletwa na vifurushi vya Visual C++, anayategemea yawepo kwenye Windows, yatumiwe na programu nyingi. Programu iliyotengenezwa kwa toleo la 2010 inataka msvcr100, ya 2012 inataka msvcr110, ya 2013 msvcr120, na jipya halishiki zamu ya la zamani. Ni kuanzia 2015 tu ndipo matoleo yakaanza kurithiana, ndiyo maana yamo kwenye kifurushi kimoja. Na programu ya bit 32, kama hii yangu ya zamani, inataka x86 hata Windows ikiwa ya bit 64.

Mpwa wangu alishapata tovuti inayogawa faili za dll moja moja. Nikamkataza, nani anajua zimetiwa nini? Tukapakua kifurushi kizima kutoka Microsoft kwa bando la simu, na mama aliporudi na mchicha wake nembo zilikuwa zinatoka.

Najua ya 2010 haipati tena marekebisho ya usalama tangu 2020, na hilo linanikera. Ila orodha haikwambii nani anamtegemea nani, kwa hiyo itakaa mpaka nipate programu nyingine ya nembo. Nilijumlisha ukubwa wa ukoo wote: haukufika MB 200. Folda ya Downloads ilikuwa na GB 19, nyingi zikiwa video za harusi za wateja ambao hawajarudi tangu mwaka juzi.