Mparachichi wa Rau: siku tisa za kushughulikia tawi lililoning'inia

Alhamisi usiku
Masika haya yamekuja hapa Rau, Moshi, na upepo wake. Saa nne hivi tulisikia mpasuko, kisha kimya. Mama watoto akasema ni bati la jirani. Mimi nilijua ni mparachichi wetu, maana mwaka huu umebeba kupita kiasi, na mti wake ni laini. 

Ijumaa
Tawi halikuanguka. Limevunjika kama mita 5 kutoka chini, limebaki kwenye shina kwa ukanda wa mti na gome upana wa kiganja, na ncha yake imenasa kwenye panda la tawi la chini. Chini yake ndiyo njia ya kwenda banda la kuku. Kazi ya kwanza haikuhitaji msumeno: nilifunga njia kwa kamba na vipande vya khanga, nikatoboa mlango wa banda upande wa pili. Watoto wameambiwa, na kuku nao wataelewa.

Kutoka mbali nililipiga picha kwa simu, nikaikuza. Nilikadiria unene sentimita 15 na urefu mita 3 hadi linapoanza kugawanyika. Mti mbichi una uzito unaokaribia wa maji, kwa hiyo hapo ni kilo 50 na ushee, mfuko wa saruji uliotundikwa mita 5 juu, na bado majani na matunda.

Jioni alikuja kijana wa jirani na panga. "Mangi, dakika tano tu, napanda." Nilimkatalia, akanuna kidogo. Nilimwonyesha ule ukanda: umepindwa, una nguvu ndani yake kama upinde uliovutwa. Ukiukata ukiwa juu ya ngazi, tawi halishuki moja kwa moja, linazunguka kwanza, na ngazi iko pale pale linapozungukia. Halafu ukiwa juu huna pa kukimbilia.

Jumamosi
Soksi iliyojazwa mchanga, uzi wa fundi ujenzi, na aibu. Nilirusha mara kumi na moja. Mara ya nne soksi ilinasa, nikalazimika kukata uzi na kuiacha huko (bado iko, inaonekana kama tunda la ajabu). Ya kumi na moja ilipita juu ya tawi na kushuka upande wa pili. Nikafunga kamba ya katani kwenye uzi, nikaivuta ikapita, nikatengeneza kitanzi kinachojikaza, nikakipandisha hadi kikabana.

Dukani walinisifia ya nailoni kwa kuwa ni imara zaidi. Ni kweli, lakini nailoni hutanuka, na kitu kilichotanuka kikiachia ghafla kinarudi kwa aliyekivuta. Ya katani haitanuki sana.

Tulivuta watu watatu, tumesimama mbali mara mbili ya urefu wa tawi, pembeni. Mmoja alikuwa amejizungushia kamba mkononi ili apate nguvu. Nilisimamisha kazi hadi alipoitoa: tawi likianguka upande usioutarajia, linaondoka na mkono. Tukavuta tena. Tawi likageuka robo mzunguko, likazama zaidi kwenye panda. Hali ikawa mbaya kuliko asubuhi, na kosa lilikuwa langu. Nilivuta kuelekea palipokuwa na nafasi ya kusimama, sikuangalia ncha imenasa kwa upande gani.

Jumapili
Mvua. Hakuna aliyeingia uwani.

Jumatatu
Mzee wa upande wa pili wa masale, ile mimea ya mpaka, alisimama mpakani, fimbo mkononi, akaangalia kwa muda mrefu.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Wewe unavuta chini. Hilo linataka kurudi lilikotoka."
Ndivyo ilivyokuwa. Ncha iliingia kwenye panda ikitokea mashariki, basi ilipaswa kutoka kwa mashariki. Upande huo kuna migomba, ndiyo maana niliukwepa. Nikakata migomba miwili iliyokwisha kuzaa, tukapata njia ya kusimama na njia ya kukimbia.

Jumanne
Tulivuta kwa mwendo, tunavuta na kulegeza, tunavuta na kulegeza. Mara ya sita au ya saba ncha ilitoka. Tawi lilining'inia wima sekunde moja, ukanda ukalia, likashuka na kuchimba shimo la kina cha kiganja kwenye udongo uliolowa. Lilipodunda, liliruka hatua mbili kuelekea banda. Hiyo hatua mbili ndiyo ninayoifikiria usiku.

Jumamosi ya pili
Kisiki kilichobaki juu nilimwachia fundi mwenye mkanda na kamba zake za kupandia. Sikuona aibu. Alikata kidogo kutoka chini kwanza, kisha kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi, uzito ukaanguka bila kuchana gome la shina. Mwisho akaondoa kipande kilichobaki, nje tu ya ule mkunjo uliovimba pale tawi linapotokea. Mkunjo huo hauguswi, ndio unaofunga kidonda. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kuchunguza uozo wake, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi, bali hujenga ukuta ndani na kulitenga eneo lililoharibika. Kwa hiyo nilipoambiwa nipake rangi ya mafuta au samadi, nilisema hapana. Nilichopaka ni chokaa iliyozimuliwa, si kwenye kidonda bali kwenye gome ambalo sasa linapigwa jua kwa mara ya kwanza. Gome la mparachichi huungua.

Matunda ya lile tawi tuliyaweka kwenye gunia. Yaliyokuwa yamekomaa yameanza kulainika. Machanga yananyauka na kukunjamana, kuku wanayapita tu.

Fundi kabla hajashuka aliniita nitazame. Tawi pacha, upande wa jikoni, limetoka kwenye shina kwa pembe nyembamba ile ile, gome limekunjwa katikati, na kiungo cha namna hiyo hakishiki vizuri. Tutalipunguza uzito Julai, kukiwa kukavu. Kamba nimeianika barazani.