Barua ya wakili, Barbie na sambusa za mdogo wangu

Mdogo wangu anapika pilau na sambusa kwa oda huku Ontario, Kanada, biashara ya jikoni kwake tu, na jina la biashara kalitoa kwa mkewe. Mwezi uliopita kaletewa barua ya wakili, kurasa tatu, eti hilo jina ni alama ya biashara ya kampuni moja ya vipodozi na aache kulitumia mara moja. Akanipigia usiku, "dada nimekwisha." Kumbe alishaanza kubandua stika kwenye kontena. Nikamwambia tulia kwanza, usibandue kitu.

Mimi si wakili jamani, ila kesi za majina nazifuatilia kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga, na ya kwanza niliyomsimulia ni ya Barbie.

Kulikuwa na migahawa midogo pembeni ya Montreal inaitwa Barbie's, ukienda unakula, unakunywa, unarudi nyumbani. Mwenyewe akataka kusajili jina. Mattel, wale wenye wanasesere wa Barbie, wakapinga, wakashindwa kwenye bodi ya alama za biashara, wakakata rufaa wakashindwa, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada na tarehe 2 Juni 2006 wakashindwa tena. Hoja yao ilikuwa jina letu ni maarufu dunia nzima. Sawa, hakuna aliyebisha. Ila mahakama ikasema umaarufu ni kitu kimoja kati ya vingi vya kuangalia, swali lenyewe ni je mteja wa kawaida, mwenye haraka kidogo, asiyelikumbuka vizuri lile jina la kwanza, akiliona bango atadhani chakula na wanasesere vinatoka kwa mtu mmoja?

Hapo kwenye haraka ndo napapenda. Si mtaalamu, si mtu wa kusimama anakodolea bango kwa miwani, ni wewe na mimi tunapita na njaa zetu.

Halafu Mattel walikuja na utafiti wao, waliwauliza watu kama wanaamini kampuni ya wanasesere wa Barbie HUENDA ina uhusiano wowote na hilo bango. Mahakama haikuupokea. Huenda! Ukiniuliza huenda jirani yangu ni jasusi nitakwambia huenda, mtu anatoka na mifuko usiku nitajuaje. Sheria haitaki kinachowezekana, inataka kuna uwezekano mkubwa kiasi gani watu wachanganyikiwe.

Siku hiyohiyo shampeni ya Veuve Clicquot nayo ikashindwa na maduka ya nguo za kina mama za bei ya kawaida kule Quebec yanayoitwa Cliquot. Hukumu zote mbili kaandika Jaji Binnie wa Mahakama hiyo ya Juu. Mwaka uliotangulia Lego, wale wa matofali ya plastiki ya kuchezea, walishindwa na kampuni ya Montreal iliyokuwa inatengeneza matofali kama hayo ya Mega Bloks, maana hataza yao, yaani haki ya uvumbuzi, ilishaisha wakawa wanataka vile vivimbe vya juu ya tofali viwe alama ya biashara milele.

Ila iliyonichekesha ni ya chokoleti, 2007. Kampuni ya Quebec ilikuwa inaleta Toblerone na Côte d'Or halisi kutoka Ulaya, si feki, wakati Kraft Canada ndo walikuwa na haki ya kusambaza huku. Sasa utamzuiaje mtu anayeuza mali halali? Kraft wakapitia mlango wa nyuma, kampuni zao za Ulaya zikasajili hakimiliki ya picha za kwenye karatasi za chokoleti, yule tembo wa Côte d'Or na yule dubu wa Toblerone aliyejificha mlimani, eti anaibiwa msanii. Mahakama ya kwanza iliwapa fidia ya dola 300,000! Mahakama ya Juu ikaifuta, ingawa majaji hawakukubaliana sababu, kila kundi na lake.

Sasa sikumwambia mdogo wangu kwamba atashinda, kila kesi ina mambo yake na kuna majina yanavuka biashara zote. Nikamwambia tu vipodozi na sambusa ni mbali, tafuta wakili, jibu kabla ya siku waliyoandika. Kajibu. Mpaka leo kimya.

Zile stika alizobandua hazishiki tena, gundi imekwisha. Kontena zake anawekea achari.