Mkutano wa muungano wa vyuo hupikwa kabla ya tiketi kukatwa

Miungano ya vyuo vikuu vya Ulaya, yaani vyuo vya nchi mbalimbali vinavyoshirikiana kwenye programu za pamoja kwa ufadhili wa Erasmus+ (mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya), bado ni michanga. Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alilitoa wazo hilo hadharani pale chuo cha Sorbonne, Paris, Septemba 2017, miungano 17 ya kwanza ikatangazwa 2019, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa 64 yenye vyuo zaidi ya 560. Karibu kila mmoja una mkutano wake wa zamu: mara moja au mbili kwa mwaka watu hukusanyika kwenye chuo kimoja, safari ijayo kingine. Muungano wa EC2U huuita Forum, ule wa Unite! huuita Dialogue, na EUTOPIA una wiki yake. Majina tofauti, kazi ile ile.

Picha zake nazo ni zile zile. Wakuu wa vyuo wamepanga mstari, bendera nyuma yao, tabasamu. Hao hata wasipoonana mwaka mzima wataelewana, maana wanasaini mambo ya jumla. Wanaohitaji kukaa meza moja ni wasajili, wahasibu wa miradi, maafisa wa wanafunzi wa kigeni na watu wa mifumo ya kompyuta. Programu ya pamoja ikifa, mara nyingi hufia mikononi mwa mmoja wao, tena kimya kimya, kwa barua pepe iliyokosa jibu. Kwa hiyo mwenyeji anayepanga orodha ya waalikwa aanze na hao, kisha ndio atafute nafasi za wakubwa.

Chukua meza moja tu, ya wasajili, na suala moja tu, alama. Italia husahihisha juu ya 30 na kufaulu ni 18. Ufaransa ni juu ya 20, kufaulu 10. Hispania ni juu ya 10, kufaulu 5. Ujerumani mambo yamegeuzwa: 1,0 ndiyo ya juu kabisa, 4,0 ndiyo ya mwisho kwa aliyefaulu, na 5,0 umeanguka. Poland huanzia 2, ambayo ni kufeli, hadi 5. Denmark ina ngazi saba zinazomshangaza kila mgeni: −3, 00, 02, 4, 7, 10 na 12, na 02 ndiyo inayoanza kufaulu.

Kosa la kawaida ni kupiga hesabu ya uwiano. Mwanafunzi ana 24 juu ya 30 kutoka Italia, mtu anazidisha, anapata 16 juu ya 20, anaandika. Lakini 16 Ufaransa ni alama ya wachache sana, na 24 Italia ni ya mtu wa kawaida kabisa. Mwanafunzi amezawadiwa. Mwenzake anayetoka Ufaransa na 12 yake ya heshima, ukimgeuzia kwa hesabu hiyo hiyo anapata 18, yaani amepita akiwa mkiani. Huyo ameibiwa.

Njia inayoelekezwa na mwongozo wa ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhamisha krediti za masomo, ni jedwali la mgawanyo. Kila msajili aje na karatasi inayoonyesha asilimia ngapi ya waliofaulu walipata alama ipi, katika fani ile ile, kwa angalau miaka miwili. Karatasi zikiwekwa sambamba, unatafuta 24 ya Italia inaangukia sehemu gani ya msururu, kisha unasoma alama ya Ufaransa iliyo sehemu hiyo hiyo. Kazi ya mchana mmoja. Inayoharibu mchana huo ni mambo mawili: msajili mmoja kuleta jedwali la chuo kizima wakati fani za sheria na uhandisi hazisahihishwi kwa mkono mmoja, au mwingine kuwaingiza waliofeli kwenye asilimia. Ndiyo maana fomu tupu ya jedwali ipelekwe wiki sita kabla, ikiwa na mfano uliojazwa, na majedwali yarudi wiki mbili kabla ili mtu ayakague. Msajili asiyeleta namba hana cha kufanya kwenye meza hiyo, na ni vizuri aambiwe mapema.

Sasa tarehe. Hapa ndipo mipango mingi hujikwaa, kwa sababu kalenda za Ulaya hazilingani hata kidogo. Ufini mihula huanza mapema na Julai nchi imelala. Ufaransa, Hispania na Italia hulala Agosti. Ujerumani mihadhara ya majira ya baridi ni Oktoba hadi Februari, na ya kiangazi ni Aprili hadi Julai, hivyo Machi wahadhiri wana nafasi lakini wanafunzi wametawanyika. Italia Januari na Februari ni mitihani. Kisha Pasaka: ikiwa muungano una chuo cha Ugiriki au Romania, kuna Pasaka mbili, ya Magharibi na ya Kiorthodoksi, na pengo hubadilika mwaka hadi mwaka. Mwaka 2025 zote ziliangukia Aprili 20. Mwaka 2027 moja ni Machi 28, nyingine Mei 2. Mei nayo imejaa sikukuu: Ufaransa ina Mei 1, Mei 8 na Alhamisi ya Kupaa. Ukitoa yote hayo, zinabaki nafasi mbili zenye nafuu: mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Novemba (ukiikwepa Novemba 1, sikukuu ya Watakatifu Wote), na wiki chache kati ya katikati ya Mei na mwanzo wa Juni. Anayependekeza Septemba kwa kawaida hajawauliza Wajerumani.

Jingine ni zamu yenyewe. Ruzuku ya muungano hutolewa kwa miaka minne, hadi euro milioni 14.4, Umoja wa Ulaya ukibeba hadi asilimia 80 ya gharama. Muungano wa vyuo tisa unaokutana mara mbili kwa mwaka una mikutano minane ndani ya ruzuku moja. Chuo kimoja hakitafikiwa. Kama hesabu hiyo haikupigwa siku ya kwanza, chuo kinachoachwa huwa ni kile kidogo cha pembezoni, na ndicho kilichohitaji zaidi kuonekana na watu wake wenyewe. Kipewe mkutano wa ufunguzi, au kiwe cha kwanza kwenye ruzuku inayofuata, na iandikwe.

Pembezoni kuna bei yake. Angalia baadhi ya miji ya EC2U: Coimbra, Iași, Jena, Pavia, Poitiers, Salamanca, Turku. Ni miji ya vyuo, si miji ya viwanja vikubwa vya ndege. Coimbra unashukia Porto au Lisbon kisha treni. Poitiers unapita Paris. Mtu anayetoka Iași kwenda huko amemaliza siku nzima njiani, na nyingine kurudi. Mkutano wa siku tatu ni wa siku tano kwenye kalenda ya mtu, na mkuu wake wa idara anaijua hesabu hiyo vizuri. Kikao cha kwanza kianze baada ya chakula cha mchana na cha mwisho kiishe kabla ya saa saba mchana, la sivyo siku ya mwisho utahutubia viti na masanduku yaliyoachwa mlangoni.

Viza husahaulika kila mara kwa sababu wapangaji wengi ni raia wa Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi wa uzamivu kutoka India anayesoma Ireland hana ruhusa ya kuingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, kwa kibali chake cha Ireland; nchi hiyo imo Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla, na uamuzi wa siku 15 unaweza kuvutwa hadi 45. Barua ya mwaliko inayotoka wiki tatu kabla haina faida. Itoke miezi mitatu kabla, ikitaja tarehe, anwani ya malazi na nani analipa. Kwa wanafunzi wote, wa viza na wasio wa viza, tiketi na hoteli zilipwe na chuo moja kwa moja. Utaratibu wa kujilipia kisha kurudishiwa unachuja wajumbe kwa mifuko yao, halafu watu wanajiuliza kwa nini baraza la wanafunzi lina sura zile zile.

Mpangilio wa siku ni jambo ambalo tuna msimamo nalo: wakuu wa vyuo waje mwisho. Mikutano mingi huwaweka asubuhi ya kwanza kwa ajili ya hotuba, wanaondoka jioni, na vikundi vya kazi vinabaki na mapendekezo yasiyo na wa kuyapitisha hadi miezi sita ijayo. Geuza. Mchana wa kwanza vikundi, siku ya pili vikundi viwili viwili vinavyotegemeana (wasajili na watu wa mifumo, wahasibu na waratibu wa kozi), jioni yake baraza la wanafunzi linatoa maoni yake kwa maandishi, asubuhi ya tatu wakuu wa vyuo wanaamua. Hotuba ya kukaribisha ni dakika kumi. Inatosha.

Kinachofika kwa wakuu kiwe ukurasa mmoja kwa kila suala: tunaomba nini, nani atalifanya, litagharimu kiasi gani na kutoka fungu lipi, lini litakuwa tayari, na nini kitatokea tukiliahirisha. Mstari huo wa mwisho ndio unaofanya kazi. Karatasi zifike siku kumi za kazi kabla ya mkutano.

Hata wakiamua, uamuzi wao mara nyingi ni ahadi tu. Katika vyuo vingi seneti ndiyo yenye kauli juu ya mitaala na shahada. Ujerumani sheria za vyuo ni za kila jimbo. Programu ya shahada ya pamoja inaweza kutakiwa kupita kwenye ithibati ya nchi zaidi ya moja, ingawa tangu 2015 kuna utaratibu wa Ulaya wa kuikagua mara moja kwa wote. Tatizo ni kwamba si kila nchi imeufungulia mlango kikamilifu. Kwa hiyo sekretarieti iwe na jedwali la tarehe za vikao vya seneti vya vyuo vyote na siku ya mwisho ya kupokea makaratasi kwa kila kimoja. Azimio la Novemba ambalo seneti moja italiona Desemba na nyingine Machi litaanza kutekelezwa Machi, na programu iliyotangazwa kuanza Februari itakuwa imewadanganya wanafunzi.

Lugha ya kazi karibu kila mara ni Kiingereza, ambacho ni lugha ya kwanza ya wachache tu waliomo ukumbini. Shida haiko kwenye matamshi, iko kwenye maneno yanayofanana. Kwa mmoja «kozi» ni somo moja la krediti tano, kwa mwingine ni shahada nzima ya miaka mitatu. Bajeti mbili zinaweza kupishana zaidi ya mara thelathini kwa sababu hiyo tu. Faharasa ya maneno arobaini, iliyokubaliwa mara moja na kuambatishwa kwenye kila ajenda, huokoa saa nyingi. Na saa zenyewe zinahitaji tafsiri: katika vyuo vya Ujerumani na vya Ufini kuna mapokeo ya robo saa ya kitaaluma, kipindi kilichoandikwa saa tatu huanza saa tatu na robo, na kifupisho c.t. (cum tempore, Kilatini) ndicho kinachosema hivyo. Mgeni asiyejua hudhani wenyeji wamechelewa. Mfini anataka chakula cha mchana saa tano, Mhispania hajaanza kuwaza kula hadi saa nane. Weka saa sita na nusu, wote wanung'unike sawa.

Kuhusu watu wa mtandaoni: kamera moja mbele ya ukumbi inawageuza watazamaji. Hawasikii anayeuliza kutoka nyuma, na wanaponyanyua mkono hakuna anayewaona. Hotuba na uamuzi wa mwisho zirushwe. Vikundi vya kazi viwe ana kwa ana tupu au mtandaoni tupu. Mhusika akishindwa kusafiri, bora kikundi chake kifanye kikao cha mtandaoni wiki moja kabla, kuliko kumweka kwenye skrini pembeni mwa chumba cha watu ishirini.

Kumbukumbu zitoke ndani ya siku tano za kazi. Zikifika mwezi wa pili kila mtu ana toleo lake la yaliyoamuliwa. Kila azimio libebe jina la mtu mmoja. Likiandikiwa kikundi, limepotea. Uenyekiti ukiwa wa zamu, wakae watatu pamoja: anayeondoka, aliyepo na anayekuja. Na mwenyeji anayeondoka akabidhi faili ya vitu vya kawaida kabisa: idadi halisi ya waliofika dhidi ya waliojiandikisha, vyumba vilivyokuwa vidogo, bei ya kila mlo kwa kila mtu, kiolezo cha barua ya viza, namba za majedwali ya wasajili.

Tarehe mbili zinazofuata zitangazwe wageni wakiwa bado ukumbini, simu mkononi, kabla ya teksi ya kwanza kufika. Zikisubiri barua pepe, Mjerumani atakuwa ameshapangiwa mitihani na mwenzake wa Ugiriki ameshakata tiketi ya Pasaka.