Mzee wa maktaba na vifaru vyake

Jumamosi nilipanda treni kutoka Waterloo, London, nikashuka kituo kidogo cha Wool kule Dorset, nikaenda hadi makumbusho ya vifaru vya kivita ya Bovington. Nilisimama mbele ya Tiger 131, kile kifaru cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, ambacho hadi leo injini yake inawaka. Mwili ulinisisimka.

Ila aliyenivuta kule ni mzee David Fletcher, mwanahistoria wa vifaru, yule mwenye masharubu meupe. Wengi hudhani mtu anayejua vifaru kiasi kile lazima awe jenerali mstaafu. Wapi! Alianza kazi pale mwaka 1982, akawa mkutubi, na hadi anastaafu mwaka 2012 alikuwa ameishi na makaratasi, picha za zamani na vitabu vya ufundi kwa miaka 30. Mwaka huohuo akatunukiwa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Kila nikimsikiliza kwenye video namkumbuka marehemu baba, fundi wa malori ya Bedford pale Tanga, aliyekuwa akikusimulia maisha yote ya gari kwa kushika springi zake tu.

Mjuzi mwingine wa vifaru, Mmarekani Richard Hunnicutt, alipita njia nyingine: askari wa miguu vitani Pasifiki, kisha mhandisi wa metali, kisha mwandishi wa vitabu 10 vinene juu ya magari ya kivita ya nchi yake.

Nimerudi na postikadi ya Tiger. Nimeibandika kando ya picha ya baba.